Simu Imemkataa Dada

Jamani, simu imemkataa dada yangu! Haijazima wala bando halijaisha. Imemtazama usoni mchana kweupe, ikaandika: "Uso haufanani. Jaribu tena."

Dada akajaribu tena, kakodoa macho kama kaona nyoka. Haufanani. Akasogea dirishani kwenye mwanga. Haufanani!

"Mdogo wangu, huyu ni mimi au si mimi?"

"Ni wewe, Dada. Hata cheuo cha mtoto hicho hapo begani."

Saa tano hiyo, na mwisho wa kuhakiki ni saa sita kamili. Ule mpango wa serikali wa mama vijana ndio unaomlipia Dada darasa la ushonaji. Kila miezi mitatu unahakiki uso kwa simu; usipohakiki, jina linatoka, nafasi anapewa mwingine. Na yeye kabakiza kujifunza kola tu ashike cheti!

Tukapiga namba ya msaada. Tukapigiwa muziki mpaka mtoto akalala. Mwisho mhudumu akapokea: "Samahani dada, siku ya kujiandikisha ulikuwaje usoni?"

Tukatazamana. Mama, pale kwenye kochi, akaangua kicheko.

Dada alijiandikisha kwenye harusi ya binamu yetu, kwa sababu ukumbini intaneti ilikuwa ya bure. Na aliyempamba ni mimi. Siku ile sikumbania kitu: kope za bandia ndefu kama ufagio, nyusi nimezivuta zikakaribia masikio, pua nimeichonga kwa poda ikawa ya mtu mwingine kabisa. Serikali inamjua huyo!

"Hata mimi nilitaka kumpa shikamoo," Mama akasema.

"Mama, usinichekeshe, dakika zinakwenda!"

Nikafungua picha ya harusi, nikaanza kumpaka huku nachungulia kama fundi na ramani. Nyusi, sawa. Pua, sawa. Kope nikaikuta moja tu, nyingine sijui ilienda wapi. Nikaikata katikati, nusu huku, nusu kule.

"Ukinitoboa jicho, tutakosana."

"Tulia, wewe!"

Saa sita kasoro dakika tatu. Dada akainua simu, akabana midomo. Kiduara kikazunguka, kikazunguka... "Uso unafanana. Umehakikiwa."

Tulipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Kumwona mama yake, akalia kama kaletewa daktari wa sindano!

Simu ikauliza: "Ungependa kubadilisha picha?"

"Hapana," nikasema, "umependeza."

"Nipendeze kila miezi mitatu, saa hizi hizi? Bonyeza ndiyo!" Akaenda kunawa, akarudi uso umelowa, weupe wa sabuni kwenye masikio. Mtoto akamrukia, akashika shingo, haachii. Nikapiga picha.

"Nyuso mbili zimeonekana. Abaki mtu mmoja."

Nikamvuta mtoto, akang'ang'ania zaidi.

"Iambieni hiyo simu," Mama akafoka, "mpango ni wa mama na mtoto, sasa inashangaa nini?"