Nyumba Iliyofunguliwa kwa Spana

Mwaka ule kampuni ya migodi ilipoanza kuporomoka, nyumba za kambi ya wafanyakazi pale Kolwezi, Katanga, zilijaa watu hadi jikoni. Kaka aliyeachishwa kazi Fungurume alirudi na wanawe, shemeji akaja kutoka Kasaji na baiskeli yake, na wote wakajibana katika vyumba viwili vilivyojengwa kwa ajili ya mtu na mkewe.

Tshibola alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba katika bilo, ofisi ya ujenzi ya kampuni, mwanamke pekee mle ndani. Msongamano ule ulimkosesha raha. Akachora chumba kidogo cha mbao na bati, chenye kuta zinazobebwa na watu wanne na kuunganishwa kwa bolti. Familia ikiongezeka, unafungua ukuta wa nyuma na kuunga chumba kingine.

Aliyeziranda kuta za kwanza alikuwa Mwenze, seremala wa bilo ileile, mtu wa kaskazini ya Katanga mwenye kucheka kwa sauti. Wakasimamisha nyumba ya mfano kwenye uwanja mtupu kambini. Kazi ya nyumba hizo iliposimama, mkubwa wao akamruhusu Tshibola ahamie humo na baba yake, mzee Kabeya, aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana kufanya kazi ya mgodi. Wageni walipopita kuitazama, Tshibola aliwaonyesha kwa fahari jinsi inavyofunguka.

"Spana moja tu," alikuwa akisema. "Asubuhi unaifungua hapa, jioni unalala ndani yake kwingine."

Halafu yakaanza maneno: watu wa asili ya Kasai warudi kwao. Yalisemwa kwenye mikutano, kisha sokoni, kisha hata bilo. Tshibola alikuwa mzaliwa wa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kuikanyaga. Aliendelea kwenda kazini. Hakuamini kwamba maneno yale yalimhusu yeye.

Walikuja asubuhi, wakati anaanika nguo. Vijana wengi, fimbo na mapanga mikononi, wakipiga kelele: "Bilulu! Mwende kwenu!" Bilulu ni wadudu, ndilo jina walilopewa watu wa Kasai. Na katikati yao, amevaa ovaroli ya kazi, alikuwa Mwenze na spana yake.

Nguo ilimdondoka Tshibola mkononi.

"Tata Mwenze? Baba, ni weye?"

"Mutoke, mama Tshibola." Mwenze alikuwa akitazama chini. "Mubebe bitu byenu, mutoke mbio."

Wakamtoa Kabeya kwa kumshika mabega, wakatupa godoro na masufuria nje. Tshibola alisimama palepale. Masikio yake yalivuma, na watu wote walionekana wako mbali, kama anawatazama kutoka ng'ambo ya bonde. Aliwaona wakianza kufungua bolti. Kijana mmoja alizifungua za ukuta wa mbele huku paa bado liko juu. Ukuta ukayumba. Mwenze alikuwa amepiga magoti chini yake, ameinamia kona.

"Paa kwanza!" Tshibola akapiga ukelele. "Muanze na paa! Ukuta utamuangukia!"

Mwenze akaruka pembeni, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Kisha mmoja wao akapanda juu, wakaanza na paa, sawasawa na alivyowaambia. Baada ya hapo kazi ikaenda haraka. Jua halijafika utosini, uwanja ulikuwa mtupu, na kuta zilikuwa zikipelekwa barabarani, kila moja na watu wanne.

Baba na binti walikwenda kwa miguu hadi gare, kwenye stesheni ya treni, kama Wakasai wengine wote. Njiani mzee alisema:

"Umebafundisha kubomoa nyumba yetu."

"Tata, ukuta ungemuangukia mutu."

"Heri ungemuangukia," akasema Kabeya.

Kwenye gare watu walikuwa wametapakaa hadi juu ya reli, wakingoja treni isiyokuja. Mvua iliwanyeshea. Watoto walikohoa, wengine wakazikwa. Tshibola alikaa wiki nzima akijiuliza ni nani aliyepiga ule ukelele kwa kinywa chake. Kisha akainuka, akakusanya milango na mabati ambayo watu walikuja nayo, akawaonyesha majirani namna ya kuviegemeza viwili viwili ili watoto walale pakavu. Baba yake alimtazama kwa mbali.

Siku moja Mbuyu, mke wa Mwenze, alifika na unga ndani ya kitambaa. Alichuchumaa, akalia kwanza.

"Ile nyumba iko kwetu," akasema mwishowe. "Inavuya. Batoto banalowana. Mwenze anauliza, zile mbao mbili za juu ya paa zinalalana namna gani?"

Tshibola alimkazia macho. Alidhani amesikia vibaya. Akataka kucheka, akataka kumtupia unga wake, hakuweza lolote.

"Aje aulize mwenyewe," akasema.

Mwenze alikuja siku treni ilipofika, mabehewa ya mizigo yasiyo na paa, watu wakiyaparamia. Kabeya alikuwa tayari juu.

"Kama singeichukua ile nyumba, bangeiwasha moto," Mwenze akasema. "Nitakuchungia, mama. Mpaka utarudia huku."

"Nitarudia lini, tata Mwenze?"

"Inavuya bado, mama," Mwenze akasema, machozi yakimtoka. Tshibola akawawaza watoto wa Mbuyu. Akainua viganja vyake viwili, akalaza kimoja juu ya kingine.

"Ule ubao wa upande mvua inatokea, ndio ulale juu. Unasikia? Juu."

Alipopanda behewani, baba yake aligeuza uso.

Kabeya hakufika Kasai. Treni ilikwama porini siku nyingi, na homa ikamchukua. Walimzika kando ya reli. Tangu Kolwezi hakuwa amemwambia binti yake hata neno moja.

Tshibola aliteremkia Mwene-Ditu, huko Kasai. Mapadre wa pale walimpa kazi ya kujenga vyumba vidogo kwa ajili ya waliofukuzwa. Safari hii alitumia matofali. Cha kwanza kilipokwisha, alimkabidhi ufunguo mama mmoja, Annie, aliyezaliwa Kolwezi kama yeye. Annie hakuingia. Alikaa nje juu ya mizigo yake, bila kufungua hata fundo moja.

"Mama, si uingie," Tshibola akamwambia. "Ni yako."

"Hiki kiwanja ni cha nani?" Annie akauliza. "Na benyewe bakikuja kutufukuza tena?"

Tshibola akaketi karibu naye juu ya mizigo.