Bati la Nyumba Kubwa

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Murhula alivuka mto Rusizi kutoka Bukavu kuja kumzika kaka yake Cirhuza, na miezi minane baadaye alikuwa bado yuko Mururu, upande wa Rwanda, amekalia kiti cha marehemu, jembe halijui hata kwa kuligusa. Alikuwa akimngoja Nsimire, mjane wa Cirhuza, achoke aondoke mwenyewe, amwachie nyumba. Nsimire naye alimchukia waziwazi. Hata mboga alimpakulia kwa hasira.

Asubuhi hiyo alikuja Harelimana, fundi wa sola kutoka Kamembe, kuangalia kama nyumba inafaa kuwekewa paneli. Alipanda ngazi, akatazama mlima, akatazama mikaratusi ya jirani, akashuka akitikisa kichwa.

"Maman, nisikudanganye. Hii nyumba kubwa jua inaifikia saa saba, saa tisa imeisha kupotea. Bateri haitajaa. Lakini kule ku jikoni jua inapiga siku nzima."

Jiko lilikuwa kibanda cha udongo, ng'ambo ya ua.

"Waya itafika huku?" Nsimire aliuliza.

"Waya ya hii seti ni mufupi. Ampuli zote tatu za taa zitabaki kule."

Murhula alicheka palepale kitini. "Muntu hatatoboa bati ya ndugu yangu. Hii nyumba iko na benyewe."

"Benyewe ni nani?" Nsimire alimgeukia.

"Si weye."

Kisha huyohuyo, ambaye hakuwahi kumwambia neno jema tangu matanga, akalainisha sauti. "Lakini ku jikoni, shemeji, weka tu. Batoto basomee kule, balale kule, kuko na joto. Mi mwenyewe nitasaidia kubeba bitanda."

Harelimana alifurahi kuona ugomvi umekwisha, akabeba ngazi kuelekea jikoni. Nsimire hakusogea. Upole ule ulimtisha kuliko matusi yote. Akilini aliwaona wanawe wamelala kando ya kuni, chini ya taa nzuri, na Murhula akiwaambia wazee wa ukoo kwamba mwanamke alihama kwa hiari yake.

"Rudisha ngazi," alisema.

"Maman, huku taa haitawaka hata kwa saa mbili."

"Nimesikia. Toboa bati."

Harelimana aliiegemeza ngazi tena ukutani. Murhula aliinuka, akaja akaishika. "Ukipanda, fundi, nitakuangusha."

Harelimana akarudi nyuma. Nsimire alimpokonya nyundo na msumari, akafunga kitenge vizuri, akapanda mwenyewe. Majirani walikuwa wameshatoka nje kutazama, na Murhula, shujaa wa kumtisha mjane pasipo shahidi, akaiachia ngazi. Msumari wa kwanza ulisikika kilima kizima.

Fundi alipanda kumalizia kazi, na jioni hiyo ampuli ziliwaka hadi ugali uliposongwa, kisha zikazimika. Nsimire na watoto walikula gizani, sebuleni kwao.