Dabo ya Shemeji

Mkaguzi mstaafu wa shule hakuhitaji kumtazama shemeji yake ili amdharau. Kusikia tu anavyovuta kiti kulitosha. Mfamasia mzima mwenye duka lake, anaburuta kiti kama mtoto wa chekechea! Aliketi, akapanga karata zake taratibu, kisha akafumba macho, midomo ikichezacheza.

“Haya, Mungu naye ameshaitwa mezani,” Mkaguzi akasema. “Unamsumbua kwa ajili ya karata, shemeji?”

“Siombi karata, shemeji. Naomba subira.”

Mpima ardhi, aliyekuwa mpinzani wao pamoja na mkewe, alikohoa ili kumeza kicheko.

Ulikuwa mchezo wa mwisho wa fainali ya briji, na jozi hizo mbili zilikuwa sawa. Klabu ilikuwa na sheria moja ngumu: jozi inayoshindwa fainali huvunjwa. Iliwekwa baada ya ndugu wawili kurushiana viti. Kila aliyeshindwa hubaki kitini mwake akingoja mtu mwingine aje kumwomba wacheze pamoja.

Mkaguzi alijua nani angekuja kumwomba yeye. Hakuna. Mwenza wake wa kwanza alikimbilia drafti. Wa pili alisingizia macho. Shemeji alivumilia kwa sababu marehemu mkewe, mdogo wake Mkaguzi, alimsihi asimwache dada yake peke yake. Nje ya ukumbi ule, Mkaguzi alikuwa na redio na paka.

Mnada ukaanza, kila mmoja akitaja kwa zamu idadi ya mikono, yaani mizunguko ya karata nne, ambayo jozi yake ingeshinda. Mke wa mpima ardhi alifungua kwa uru. Mfamasia akapita, mpima ardhi akaleta shupaza. Mkaguzi akataja kopa, maana alishika kopa sita, ree na mfalme zikiwemo. Wakapanda, wakapanda, hadi mpima ardhi akatangaza mikono kumi na miwili kati ya kumi na mitatu, shupaza zikiwa turufu.

“Napita,” akasema Mkaguzi.

“Napita,” akasema mke wa mpima ardhi.

Mfamasia alitazama dari, akatazama karata zake. “Dabo.”

Dabo maana yake ni: hamfiki, na hesabu iwe maradufu, kwa faida au kwa hasara. Lakini wapinzani wakishapanda juu kiasi hicho, dabo ni ujumbe pia. Inamwambia mwenzako: usianze na kopa zetu, anza na ile aina ambayo mwenza wa aliyeshinda mnada aliitaja kwanza, mimi sina hata moja, nitaikata kwa turufu. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, akigonga meza kwa kidole.

Sasa karata ya kwanza ilikuwa yake. Mkononi alikuwa na uru tano. Mtu mwingine angejiuliza: mwanamke huyu kazitaja, mimi ninazo tano, je, shemeji kabakiwa na ngapi?

Mkaguzi hakujiuliza. Aliona uso ule mpole, vifungo vya shati vilivyopishana, akawaza: huyu kapata shupaza kubwa moja, kichwa kimevimba. Kukumbuka somo? Huyu? Angekumbuka wapi!

Akabwaga ree ya kopa kwa kishindo.

Mke wa mpima ardhi akatandaza karata zake mezani, kama sheria inavyomtaka mwenza wa aliyeshinda mnada. Mfamasia akatupia kopa ndogo, akainamisha kichwa. Mpima ardhi, aliyekuwa hana kopa, akaikata ree kwa turufu. Mfamasia alishinda mkono mmoja tu, kwa ree ya shupaza, na hakuwa na njia ya kumrudishia Mkaguzi zamu. Mikono mingine yote, kumi na miwili ile ile waliyoitangaza, ikaenda kwa wapinzani; mmoja zaidi tu ungetosha kuwaangusha.

“Huna uru?” Mkaguzi akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

“Sikuwa nayo tangu mwanzo.”

“Ungesema!”

“Nilisema, shemeji. Kwa maneno yako mwenyewe.”

Katibu akatangaza washindi, watu wakapiga makofi. Kabla hayajaisha, mwenye duka la vioo alikuwa ameshainama sikioni mwa mfamasia, na nyuma yake mkunga mstaafu akingoja zamu. Upande wa Mkaguzi ilisimama feni tu.

Mfamasia aliinuka, safari hii bila kuburuta kiti. “Jumapili nitakuletea dawa yako ya presha kama kawaida,” akasema. “Lakini mezani, shemeji, nimepumzika.”

Katibu akamkaribia. “Mkaguzi, meza ya wanaoanza imepungukiwa na mtu mmoja.”

“Wanaoanza!” alifoka.

Alikaa akitazama ukumbi ukipanga viti upya. Kisha akabeba mkoba, akaenda. Mbele yake aliketi fundi cherehani aliyepanga karata zake ovyo, ncha juu ncha chini. Mkaguzi alifungua kinywa.

Akakifunga. Halafu, kwa mara ya kwanza mezani, akafumba macho.