Jozi Kumi na Sita

Napenda ifahamike rasmi kwamba sikupotea kwenye makumbusho. Nilijificha, kwa makusudi na kwa utulivu mkubwa, nyuma ya pazia la chumba cha vyungu.

Kujificha ni kazi ya watu wawili: mmoja ajifiche, mwingine apige kelele kwamba mwenzake hayupo. Kwa mwaka mzima na nusu mpiga kelele wangu alikuwa Kiroboto, jirani yangu wa kitanda bwenini. Muhula huu baba yake alihamishwa kikazi, naye akahamishwa shule. Kitanda chake sasa kimelaliwa na masanduku ya watu. Siku ile nilitaka kujua jambo moja tu: je, yuko mwingine atakayegundua kwamba sipo?

Darasa letu la sanaa lina watu thelathini na watatu. Madamu hutuhesabu kwa jozi, kila mtu na mwenzake, maana anasema kuhesabu vichwa vyetu ni sawa na kuhesabu kuku waliomwagiwa mtama. Jozi kumi na sita, na mimi mkia.

Basi nikasimama nyuma ya pazia, vumbi likinitekenya pua, ubao wa kuchorea kifuani. Nikamsikia Madamu mlangoni akihesabu. Alipofika kumi na sita akasema tumetimia, twendeni. Gari likaunguruma, likaondoka. Nikacheka kidogo, kisha kicheko kikakosa pa kwenda.

Mlinzi, mama mmoja mwenye funguo tele kiunoni, alikuja kufunga madirisha akaona viatu vyangu vimechungulia. Nikamwamkia. Akaitikia bila kushtuka, akauliza nangoja nini pale.

"Nangoja kutafutwa, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nane."

Ilikuwa imeshatimia saa tisa na nusu. Alinipa kiti chake, yeye akakalia ndoo iliyopinduliwa, akamenya chungwa tukagawana.

Saa kumi kasorobo gari lilirudi. Moyo ulinienda mbio hadi nikajionea aibu. Madamu aliingia anahema, akanipita, akainama kuchungulia chini ya meza za vyungu. Huko huko chini akaeleza kwamba walikuwa wamefika shuleni, wamehesabu mbao za kuchorea, na mmoja umepungua, na stoo hawataki kusikia habari ya kupungua.

Nikamnyooshea wangu. Akaupokea, akashusha pumzi ndefu. Ndipo aliponitazama usoni.

"Kumbe wewe ulikuwa huku?"

Nilikuwa nimetunga hotuba nzito ya kumuumbua. Yote ikayeyuka.

"Nilikuwa namalizia kuchora, Madamu."

Karatasi ilikuwa nyeupe pe. Aliiona.

"Mwalimu," mlinzi akasema taratibu, "mtoto huyu amekaa sana."

"Najua," Madamu akajibu, akitazama sakafu.

Wenzangu kadhaa waliorudi na Madamu walikuwa wamebaki garini. Nilipopanda, waliuliza kwa sauti moja kama ubao umepatikana. Nikawajulisha, kwa heshima zote, kwamba umepatikana, tena mzima, hauna hata mkwaruzo.