Salamu za Kupeleka Malishoni

Abdikarim hakuwa na haraka na chai yake, na hilo ndilo lililomtesa Kadra. Alipuliza, akanywa funda moja, akawauliza wanaume wa benchi la pili bei ya ndama mnadani leo, akaicheka hiyo bei, akarudi kupuliza. Nje ya kibanda cha chai pikipiki yake ilisimama imefungwa magunia mawili ya unga, sukari na katoni ya dawa za ng'ombe. Akimaliza kikombe atauliza salamu za kupeleka malishoni. Akishapewa ataondoka, na Garsen haitamwona tena hadi baada ya wiki mbili. Kadra, aliyekuwa akiosha vikombe nyuma ya shangazi yake, mwenye kibanda, hakuwa na hakika kama atazifikia wiki hizo mbili. Wala sitii chumvi. Msichana wa miaka kumi na minne alikuwa amefika mahali pa kujiogopa mwenyewe.

Mwaka wa pili ulikuwa unakatika tangu wazazi wake waondoke. Mvua zilipogoma, baba yake, mzee Huka, aliwaswaga ng'ombe waliobaki kuelekea misitu ya upande wa Lamu. Mama akabomoa nyumba, akaifunga juu ya punda, akafuata na wadogo watatu. Kadra aliachwa mjini kwa shangazi Madina kwa sababu alikuwa akishika namba moja darasani, na baba alisema ukame unaweza kula ng'ombe wote lakini huyu hautamla. "Mwaka mmoja tu," alimwambia, naye akajibu sawa kwa sauti ya mtu mzima. Kule waliko simu ni ya kuwashia tochi, mtandao hakuna.

Mwanzoni aliwakumbuka kama mtoto yeyote anavyowakumbuka wazazi wake. Baadaye mambo yakageuka. Chakula kikawa hakipiti. Usingizi ukamkimbia. Darasani, mwalimu akiandika tarehe tu ubaoni, moyo ulimwenda mbio na vidole vikafa ganzi. Na Jumatatu iliyopita, badala ya kurudi nyumbani kutoka shule, alitembea na kutembea mpaka akajikuta kwenye daraja la Idsowe, akiyatazama maji ya mto Tana, na akagundua kwamba hataki kuondoka pale. Mtu wa bodaboda alimpigia honi. Alishtuka, akageuka, akakimbia mpaka pumzi ikamwishia kwenye vichaka vya mathenge kandokando ya barabara.

Alimwambia mtu mmoja tu, Mwalimu Zipporah, Mpokomo wa Ozi anayeshughulikia ushauri pale shuleni. Mwalimu hakupiga kelele wala hakutaja dhambi. Alisema, "Huu ni ugonjwa, Kadra, na una watu wa kuutibu." Muuguzi wa afya ya akili alikuwa akija hospitalini, lakini karatasi ya kibali ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi. Basi Mwalimu Zipporah akafunga safari mpaka kibandani, Jumanne mchana na tena jioni. Madina alimpa chai na mahamri, akakataa malipo, na akakataa na sahihi.

"Mtoto anasomewa, mwalimu. Atapoa."

Ni kweli alikuwa akisomewa. Mara tatu ustadhi alimsomea, na kila mara Kadra alitulia jioni moja. Ustadhi mwenyewe, tumpe haki yake, alisema mpelekeni na hospitali. Madina akajitia hamnazo. Si mtu mbaya. Anayesema hivyo hakumwona akimhamishia Kadra nyama kutoka sahani yake mwenyewe. Aliogopa midomo ya watu, aliogopa nani atamwoa msichana aliyepita kwa daktari wa vichwa, na zaidi ya yote alimwogopa kaka yake. Aliachiwa mtoto anayecheka. Atamrudisha vipi akiwa hivi?

Mwalimu alisema kama mlezi hataki, ataenda kwa afisa wa watoto. Kadra alimlilia asifanye hivyo kabla hajajaribu kumfikia baba. Mwalimu alimpa mpaka Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano, na njia ya kumfikia baba ilikuwa ni huyu Abdikarim, dalali wa ng'ombe, apulizaye chai kama anayelipwa kwa kupuliza.

Hatimaye kikombe kilitua mezani kitupu. "Haya," alisema, akijipangusa ndevu. "Nikamwambie nini Huka?"

Sasa, salamu za wafugaji zina utaratibu wake, na Waorma, watu wa kina Kadra, hawauchezei. Huulizwa watu, huulizwa watoto, huulizwa mifugo, na jibu la yote ni salama. Hata aliyefiwa asubuhi hiyo husema salama kwanza, kisha ndipo habari mbaya itoke polepole. Na mpeleka salamu haruhusiwi kubahatisha. Atakapofika atabanwa: ulimwona kwa macho yako? Alisema kwa mdomo wake? Kwa hiyo kila alipopita alimtaka Kadra ajibu mwenyewe, na kila mara Kadra alisema salama, na kabla hajavuta pumzi ya neno la pili shangazi alikuwa ameshaingilia na bei ya sukari na harusi ya nani na nani. Zamu ya mtoto ikawa imekwisha.

"Kadra, njoo. Salama wewe?"

Kadra alikuja na mikono inayochuruzika maji. Shangazi alikwisha kufungua kinywa amsaidie.

"Si salama," alisema Kadra.

Madina akacheka kicheko kisichokuwa chake. "Anatania huyu. Ameshinda juani—"

"Sikukuuliza wewe, Madina." Abdikarim alimgeukia msichana na uso uliokunjamana. Alidhani hakusikia vizuri, akamsaidia kwa kuanza upya. "Watu salama?"

"Si salama, ami."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Nyumba imeungua? Mtu amekamatwa?"

"La."

"Basi unamchezea nani?" Sauti ya dalali ilipanda. "Unajua baba yako atafanya nini nikimfikishia neno hilo? Ataacha ng'ombe arobaini waliobaki mifupa mitupu, mikononi mwa mama yako na watoto wadogo. Wakipotea ishirini, utawalipa wewe? Fikiri. Nakuuliza mara ya mwisho, mtoto wa Huka. Salama?"

Shangazi alimshika mkono kwa nyuma akamfinya. Kadra aliwaona wale ng'ombe mmoja mmoja, na mama yake akikimbia huku na huku akiwazuia. Neno salama lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lingemaliza kila kitu vizuri: dalali angewasha pikipiki, wanaume wangerudia chai yao, naye angerudi kwenye karai la vikombe. Halafu ingekuja kesho, na keshokutwa, na lile daraja.

"Ni mimi nisiye salama," alisema. "Jumatatu nilisimama darajani Idsowe, na sikutaka kurudi nyumbani. Nikiachwa peke yangu nitakwenda tena. Mimi sitaki kwenda tena. Nataka kutibiwa, na shangazi hataki kuweka sahihi. Mwambie baba hivyo hivyo."

Mzee Komora, mkulima wa Idsowe aliyekuja kuuza ndizi, alivua kofia yake akaishika magotini. Madina aliuachia ule mkono.

Abdikarim akafanya lile ambalo kila mpeleka salamu hulifanya: akaurudia ujumbe neno kwa neno, mtumaji asikie kama umeshikwa sawasawa. Huyu mtu mwenye sauti ya kutangazia mnada mzima aliongea kwa sauti ya chini, macho ameyafumba. "Jumatatu nilisimama darajani Idsowe, na sikutaka kurudi nyumbani. Nikiachwa peke yangu nitakwenda tena. Mimi sitaki..." Hapo akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Mara ya tatu alilipita. "Mimi sitaki kwenda tena. Nataka kutibiwa, na shangazi hataki kuweka sahihi." Akafumbua macho. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo, ami."

Alitoka nje, akafungua kamba, akayashusha magunia, sukari na katoni mlangoni kwa Madina. Bila mzigo angefika mapema. Watu wakaliona vumbi lake tu.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zote. "Umenivua nguo mbele ya wanaume," Madina alimwambia, na maneno mengine hakumpa. Lakini alihamisha mkeka wake akautandika mlangoni mwa chumba cha Kadra, akamfuata hata chooni, akasimama nje akijidai anaanua nguo. Ijumaa Mwalimu Zipporah alipita, akaelezwa kwamba salamu zimekwenda, akasema atangoja mpaka Jumatatu asubuhi na hapo hamsikilizi mtu. Jumamosi Madina akalegeza ulimi, na ilikuwa heri angenyamaza. "Atakuja na fimbo. Ama atakuchukua urudi kuchunga, shule iishe. Unamjua kaka yangu."

Kadra alimjua. Huka hakuwahi kuwaacha ng'ombe wake kwa sababu ya mtu. Alipofiwa na mama yake mzazi alikuja Garsen siku ya tatu, akamsalimia kila aliyemkuta barabarani, akauliza mifugo ya kila mmoja, akaketi, akanywa maji, ndipo akalia. Mtu wa namna hiyo angesema nini kwa binti aliyekataa salamu mbele ya watu? Kadra alisugua kikombe kimoja mpaka rangi ikaanza kutoka.

Jumapili adhuhuri pikipiki ilisimama nje. Mzee Huka alishuka nyuma ya Abdikarim, mwembamba kuliko alivyoondoka, vumbi limemgeuza mweupe hadi kope. Wanaume wa benchini walisimama kwa heshima, mikono imetangulizwa. "Salama, mzee Huka?"

Aliwapita.

"Kaka, salama? Safari—" Madina alianza.

Akampita na yeye. Kibanda kizima kilipigwa na butwaa, kwa maana hakuna aliyewahi kumwona Huka akiacha salamu ya mtu ikining'inia hewani. Alizunguka meza, akaiona fimbo yake mwenyewe mkononi, akaitupa pembeni. Akachuchumaa sakafuni palepale penye karai, katikati ya vikombe vichafu, akaishika mikono ya binti yake iliyojaa povu.

"Nimesikia," alisema. "Sasa niambie wewe."

Kadra akamwambia. Alianza na daraja, akarudi nyuma kwenye chakula na usingizi, akafika hadi ile siku punda walipofungwa mizigo naye akajibu sawa kwa sauti ya mtu mzima. Alilia na kusema kwa pamoja. Mengine baba hakuyaelewa, na uso wake ulionyesha wazi kwamba hayaelewi, lakini hakuiachia mikono wala hakumkatiza.

Alipomaliza, Huka aliinua kichwa. "Huyo mwalimu mwenye karatasi anakaa wapi?"

Madina alizima jiko chai ikiwa bado jikoni, akajitanda mtandio wake, akatangulia kuwaonyesha njia.