Upindo wa Vidole Vinne

Kama kuna mtu aliyejua watoto wa wenzake wanavyokua, ni huyu mama fundi cherehani. Kila sketi ya shule aliiachia upindo wa vidole vinne. Mwaka ukigeuka mzazi analeta, upindo unafumuliwa, sketi inashuka. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Lakini binti yake mwenyewe, Kidoti, hakuwahi kumpima. Ampime ya nini, na anamjua kwa jicho?

Wateja walimtania kwamba mtoto amegoma kukua. Naye, maneno hayampigi chenga, akawajibu kuwa huyo ndiye mtoto mwenye huruma: sketi moja miaka mitatu, hampi mama yake kazi. Watu hoi kwa kicheko. Kidoti naye alicheka, huku anaokota vipande vya vitambaa sakafuni.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyeshtuka, akawaandikia barua ya hospitali. Kidoti alikuwa na miaka kumi na sita. Huko wakamtoa damu, wakampiga picha ya mifupa ya mkono. Daktari, mama wa makamo, hakuwazungusha. Alieleza kwamba mwili una wajumbe wake wa ukuaji wanaosafiri ndani ya damu. Mmoja hutoka kwenye ini, akifika kwenye mifupa huiambia irefuke. Kwa Kidoti mjumbe huyo alikuwa haba tangu utotoni, ila sindano zake zipo. Fundi akashusha pumzi, akauliza wanaanza lini.

Daktari akawageuzia picha. Ncha za mifupa, pale inapokulia, zilikuwa zimeshafunga.

"Mngemleta miaka mitatu nyuma," alisema taratibu, "tungekuwa na la kufanya."

Miaka mitatu. Hakuna aliyemficha fundi kitu, jamani. Sketi aliishona mwenyewe, akaipiga pasi kila wiki, na akaifanyia mzaha mbele za watu.

Walipofika nyumbani aliitandaza sketi juu ya cherehani, akaugeuza upindo. Nje kitambaa kilikuwa kimepauka; ndani rangi ilikuwa mpya kabisa, uzi haujaguswa. Akalia.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nawapima wa wenzangu."

Kidoti alimwacha alie. Alipoona ametulia kidogo akamsogezea mkasi.

"Ukate tu huu upindo, mama. Unanizuia nikikimbia. Halafu unishonee gauni la kufika chini, la kipimo changu."

Basi fundi akajifuta uso, akavua futi shingoni, akamsimamisha binti yake katikati ya chumba. Akaanzia begani, akaiteremsha, akapiga magoti ili aone inapogusa sakafu. Hapo ndipo alipoona visigino vya Kidoti vimenyanyuka. Alisubiri vishuke, havikushuka. Alibaki amepiga magoti na futi mkononi, na hakuweza kumwambia mwanawe asimame sawasawa.