Sauti Moja, Hali Nzuri

Jumatatu saa nne asubuhi Penina alikwenda Bunda kurudisha mali ya bendi. Ilikuwa bendi ya roki, na kila aliyeihama alitakiwa kusaini hati ya makabidhiano. Burito, kiongozi wa bendi, alisoma huku akitia vema: gitaa la umeme, moja. Waya, mbili. Koti la ngozi, moja, zipu mbovu. Sauti ya kuimbia, moja, hali nzuri.

"Na hiyo?" Penina aliuliza.

"Ulikujaga nayo hapa haijui hata kupanda. Sisi ndo tumeifundisha."

Akasaini. Alitaka kutoka humo tu. Miezi miwili kabla, wakiwa jukwaani Butiama, alipigiwa simu kwamba mwanawe Masatu, wa miaka minne, ameshikwa na degedege. Aliomba ruhusa, Burito akamwambia amalizie nyimbo sita zilizobaki, maana mgeni rasmi yuko njiani. Mgeni rasmi hakuja. Penina alipofika nyumbani Kigera, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka. Alimchukia Burito chuki ambayo hata kanisani hakuitubu.

Ikabaki albamu yake mwenyewe. Alikuwa ametunga nyimbo nane, zote za Masatu. Wa mwisho ulikuwa wa kumbembeleza alale, ule aliokosa kumwimbia siku ile, na ndio alioutaka kuliko yote. Katika studio ya Fahadi, pale Kitaji, alipiga gitaa la kuazima, akafungua mdomo mbele ya maiki. Fahadi akavua hedifoni.

"Gitaa limeingia, dada. Sauti hamna. Inatokeaga kwa waliotoka kwenye bendi. Umeiacha wapi?"

"Bunda."

"Kaiombe. Ukiomba kwa adabu wanaachiaga."

Jumamosi alasiri alimfuata Burito kwenye harusi moja mjini Bunda. Bendi ilikuwa imeshapamba moto. Mbele ya wapiga magitaa ilisimama maiki peke yake, imevalishwa koti la ngozi, nayo ilikuwa ikiimba kwa sauti ya Penina. Wageni walipanga foleni kuitunza, wakichomeka noti kwenye mifuko ya koti. Shemeji wa bwana harusi aliiomba ipumzike kidogo, inywe maji.

Haikupumzika. Ilianza kumbembeleza Masatu alale. Penina hakuwahi kumwimbia mtu wimbo ule, lakini sauti ilikuwa yake na iliujua. Mpiga dramu aliuongezea mwendo, ukachezeka.

Penina alisogea ukingoni mwa jukwaa. "Kaka Burito, nipe huu mmoja tu."

"Umeimbwa na kifaa cha bendi," Burito alisema kwa upole. "Ni wa bendi huo. Halafu watu wameupenda, hebu ona."

Kweli walikuwa wameupenda. Maharusi walikuwa katikati, jasho linawatiririka. Shangazi wa bibi harusi alimwona Penina amesimama analia, akamwendea.

"Vipi tena, mama?"

"Masatu ni mwanangu," Penina alisema. "Huyo wanayemwimba."

Shangazi alipiga kigelegele. "Hongera, mama! Jamani, mama yake Masatu huyu hapa!"

Wanawake wakamzunguka, wakamfunga kitenge kiunoni, wakamvuta hadi mbele. Zilikuwa zimebaki beti tatu, na Penina alizicheza zote.